Jina na Moto: Historia ya Viongezeo vya Kukabili Moto katika Plastiki za Poliesta na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya viongezeo vinavyotiwa katika plastiki za kihandisi za jamii ya poliesta ili zisishike moto upesi, kuanzia chumvi zilizopakwa kwenye turubai katika karne ya 18 hadi misombo ya bromini na fosforasi ya leo. Hoja kuu ni kwamba katika hatua nyingi za historia hiyo jina lilikwenda mbele ya kitu: ama liliahidi zaidi ya uwezo wa kiongezeo, ama lilificha kilichomo ndani yake. Gharama ililipwa kwa maisha ya watu, kwa mifugo iliyoangamizwa na kwa sumu inayozunguka hadi leo katika plastiki zinazorejelezwa. Kwa kuwa Kiswahili kimeingia katika shughuli rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi ya kuvipa viongezeo hivi jina ni kazi ya usalama wa umma. Makala yanapendekeza istilahi kikawizamoto itumike katika sheria na lebo badala ya kizuiamoto, na isiandikwe bila jina la familia ya kemikali inayohusika.

Istilahi za msingi: poliesta, kikawizamoto, bromini, istilahi, taka za kielektroniki

1.0 Utangulizi

Ndani ya swichi ya umeme, nyuma ya kifuniko chake, mna kipande kidogo cha plastiki kinachoshikilia shaba mahali pake. Kipande hicho hupata joto kila mara mkondo unapopita, na waya ukilegea hupata joto zaidi. Katika vifaa vingi vya leo kipande cha namna hiyo hutengenezwa kwa poliesta: ama ile iitwayo PBT, ama ndugu yake PET iliyotiwa nyuzi za kioo. Plastiki hizo ni ngumu, hazipitishi umeme na hushika vizuri umbo la kalibu. Zina dosari moja kubwa: zikiachwa zilivyo, huwaka. Ndiyo maana viwandani hutiwa kiongezeo cha kukabili moto kabla ya kumiminwa kwenye kalibu.

Historia ya viongezeo hivyo imeandikwa zaidi na wanakemia na wanasheria wa mazingira. Makala haya yanaitazama kwa jicho la taaluma ya istilahi, kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya madhara yaliyotokea katika historia hiyo yalitokana na maneno: jina la biashara lililofanana na jingine, kivumishi kilichoahidi kupita kiasi, msimbo uliokosa kuandikwa. Pili, eneo la Afrika Mashariki liko katika wakati wa kuchagua maneno. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa Februari 2021 uliagiza Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha rasmi ya kazi Februari 2022, na Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kiwe lugha rasmi nchini humo. Maamuzi hayo yana maana kwamba kanuni za bidhaa, lebo na mafunzo ya mafundi vitahitaji maneno ya Kiswahili kwa vitu ambavyo hadi sasa vilisomwa kwa Kiingereza au Kifaransa.

2.0 Kutoka turubai hadi ukumbi wa maonyesho

Wazo la kutia kitu ndani ya kitu kingine ili kisiwake upesi ni la zamani kuliko plastiki. Mwaka 1735 Mwingereza Obadiah Wyld alipewa hataza ya mchanganyiko wa shabu, boraksi na salfeti ya chuma uliokusudiwa kwa turubai, kitani na karatasi. Mwaka 1821 mwanakemia wa Ufaransa Joseph Louis Gay-Lussac, kwa agizo la Mfalme Louis XVIII aliyetaka vitambaa vya kumbi za maonyesho vilindwe, alionyesha kwamba chumvi za amonia, hasa fosfeti, pamoja na boraksi hupunguza kuwaka kwa kitani na katani. Kanuni mbili za kazi yake zingali hai: kiongezeo kinaweza kuyeyuka na kufunika uzi usifikiwe na hewa, au kinaweza kutoa gesi isiyowaka ambayo hupunguza nguvu ya gesi inayowaka.

Chumvi hizo zilikuwa na udhaifu: zilitoka kwa maji. Kitambaa kilichofuliwa kilirudi kuwa kama vingine. Kilichosemwa kuhusu kitambaa siku ya kununuliwa hakikuwa kweli tena baada ya mwaka mmoja, lakini jina lake lilibaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 William Henry Perkin mdogo, mwana wa mvumbuzi wa rangi ya zambarau, alitafuta dawa ya pamba itakayodumu hata baada ya kufuliwa, akatumia oksidi ya bati iliyojengwa ndani ya uzi wenyewe. Tangu hapo swali la udumifu likawa sehemu ya taaluma hii. Halikuonekana bado kuwa swali lenye ncha mbili: kiongezeo kisichotoka katika nguo huenda kisitoke pia katika udongo, maji au mwili.

Kuhusu nguvu ya maneno, tukio la Chicago la tarehe 30 Desemba 1903 linatosha. Ukumbi wa Iroquois ulikuwa mpya, na karatasi za maonyesho yake zilitangaza kwamba jengo hilo haliwezi kushika moto hata kidogo. Cheche ya taa ilishika pazia za jukwaani. Pazia la usalama lilipoteremshwa lilikwama njiani. Watu wapatao 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Kuta za jengo zilibaki zimesimama, kwa hiyo tangazo lilikuwa na ukweli wake finyu: kuta hazikuungua. Walioketi ndani hawakuwa wameelezwa tofauti kati ya kuta na pazia, na neno moja lilitumika kwa vyote.

3.0 Poliesta, na sababu ya kutafuta bromini

Mwaka 1941 wanakemia Waingereza John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliofanya kazi kwa chama cha wachapaji wa vitambaa cha Manchester, walitengeneza uzi wa polietileni tereftalati, yaani PET. Baada ya vita uzi huo uliuzwa Uingereza kwa jina la Terylene na Marekani kwa jina la Dacron. Matumizi ya poliesta kama plastiki ya kihandisi, mahali pa chuma na bakelaiti, yalishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipoingia sokoni polibutileni tereftalati, yaani PBT. PBT huganda haraka katika kalibu, na kwa sababu hiyo ikawa kipenzi cha viwanda vya viunganishi vya nyaya, rilei, holda za taa na vifuniko vya injini ndogo.

Kemia ya poliesta ndiyo iliyoamua aina ya kiongezeo. PBT huyeyuka kwenye nyuzi 225 hivi za Selsiasi na PET karibu na 255, na kiwandani huchakatwa kwa joto lililo juu zaidi ya hapo. Isitoshe, poliesta ikiwa moto haipatani na maji: molekuli za maji hukata viungo vya esta, na mnyororo mrefu unaoipa plastiki nguvu huwa vipande. Haidroksidi ya alumini, ambayo ni kiongezeo rahisi na salama kwa plastiki nyingi, hufanya kazi kwa kutoa maji yanapofika joto la nyuzi 200 hivi. Katika poliesta maji hayo yangetoka wakati plastiki ingali mashineni. Njia iliyowazi kwa viongezeo vingine ilikuwa imefungwa.

Bromini ilijaza nafasi hiyo. Moto hula kwa mnyororo wa athari unaoendeshwa na chembe zenye shauku kubwa, hasa haidrojeni pweke na jozi ya oksijeni na haidrojeni. Msombo wenye bromini ukipashwa joto hutoa gesi inayozinasa chembe hizo na kuuvunja mnyororo. Oksidi ya antimoni, ambayo peke yake haifanyi mengi, huibeba bromini hadi ndani ya mwali na kuongeza nguvu yake. Ushirika huu ulikwisha kujulikana tangu Vita vya Pili vya Dunia, turubai za jeshi la Marekani zilipotiwa parafini yenye klorini pamoja na antimoni. Misombo ya bromini yenye pete za benzini, ukiwamo ule uitwao dekaBDE, ilistahimili joto la mashine na haikuleta maji. Kwa kawaida PBT ya vifaa vya umeme ilibeba takriban asilimia 10 hadi 15 ya msombo wa bromini kwa uzito, na antimoni kiasi kidogo kuliko hicho.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayakuwa ya kuufanya moto usiwepo. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa plastiki za umeme, UL 94, hutundika wima kijiti cha plastiki chenye urefu wa milimita 125 na upana wa milimita 13, kikachomwa kwa mwali mdogo kwa sekunde 10, kisha kikachomwa mara ya pili. Daraja la juu, V-0, hutolewa iwapo kila mara mwali umezimika ndani ya sekunde 10 na hakuna tone linalowaka lililoshika pamba iliyowekwa milimita 300 chini yake. Daraja la V-2 huruhusu mwali kudumu hadi sekunde 30 na pamba kushika. Kipimo hiki kinahesabu sekunde. Hakisemi kwamba plastiki haiungui. Kinasema imechelewa kuungua mbele ya mwali mdogo wa muda mfupi. Kuna jambo jingine linaloonyesha ugumu wa kutumia neno moja kwa kila hali: nyuzi za kioo zinazoimarisha PBT huizuia isidondoke, lakini huibeba plastiki iliyoyeyuka kama utambi ubebavyo mafuta ya taa, ikaendelea kuwaka.

4.0 Mifuko ya Michigan

Mfano mkali kuliko yote wa madhara ya jina ulitokea Marekani mwaka 1973. Kampuni ya Michigan Chemical, iliyokuwa katika mji wa St. Louis jimboni Michigan, ilitengeneza bidhaa mbili zisizohusiana. Ya kwanza ilikuwa mchanganyiko wa bifenili zenye bromini kwa ajili ya plastiki, ulioitwa FireMaster. Ya pili ilikuwa oksidi ya magnesi ya kuongeza katika chakula cha ng'ombe wa maziwa, iliyoitwa NutriMaster. Majina hayo yalichukua mkia mmoja. Mifuko ya FireMaster ilipelekwa mahali pa NutriMaster kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, na kilo mia kadhaa za kiongezeo cha plastiki zikachanganywa katika chakula kilichosambazwa kwa wafugaji.

Ng'ombe walianza kukonda, kwato zikaota vibaya, maziwa yakapungua. Frederic Halbert, mfugaji aliyewahi kusomea uhandisi wa kemikali, alishuku chakula na kushikilia kipimwe mpaka mwaka 1974 kosa likagunduliwa. Kufikia hapo maziwa, nyama na mayai yalikwisha kuliwa kwa miezi mingi. Ng'ombe wapatao 30,000, maelfu ya nguruwe na kondoo, na kuku wapatao milioni 1.5 waliuawa na kuzikwa. Afya ya wakazi waliokula vyakula hivyo, pamoja na ya watoto wao, imeendelea kufuatiliwa na watafiti kwa miongo kadhaa.

Mjadala wa kisheria ulijikita katika uzembe wa ghala. Kwa mwanaistilahi, kuna safu nyingine. Hakuna jina kati ya yale mawili lililotaja kilichomo mfukoni. Kila moja lilitaja sifa ambayo mwenye bidhaa alitaka mnunuzi aikumbuke: ubingwa juu ya moto, ubingwa wa lishe. Mfanyakazi aliyebeba mfuko alikuwa na neno moja tu la kumwongoza, nalo halikumwambia kwamba ndani mna bromini. Jina la FireMaster halikufa pamoja na bidhaa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilitumika tena, likiwa na namba 550 mbele yake, kwa mchanganyiko tofauti kabisa uliowekwa katika povu la makochi kuchukua nafasi ya kiongezeo kingine kilichokuwa kikiondolewa. Anayesoma jina la biashara peke yake, basi, hana njia ya kujua ni kemikali ipi anayoizungumzia, wala ya mwaka gani.

5.0 Maneno yaliyokatazwa, na nguo za kulalia

Mwaka huohuo wa 1973 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwafungulia mashtaka watengenezaji zaidi ya ishirini wa povu za plastiki pamoja na jumuiya yao. Shtaka lilihusu lugha. Povu hizo zilikuwa zikiuzwa kwa maelezo kwamba haziwaki au kwamba hujizima zenyewe, kwa msingi wa vipimo vya maabara vilivyofanywa juu ya vipande vidogo. Katika moto halisi wa jengo ziliwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito. Makubaliano ya mwaka 1974 yaliwakataza watengenezaji kutumia misemo hiyo na kuwataka wagharamie utafiti. Kesi hii ilihusu povu za poliuretani na polistireni, si poliesta, lakini iliacha alama katika sekta nzima: wataalamu wakazoea kutumia neno lenye maana ya kuchelewesha, na kuambatanisha tahadhari kwamba matokeo ya kipimo hayatabiri mwenendo wa moto halisi. Kiingereza kilihitaji zaidi ya karne moja na adhabu ya serikali kufika kwenye neno hilo la kiasi.

Upande wa pili wa jina, yaani kilichomo, ulifichuka katika nguo za watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sheria ya Marekani ilidai nguo za kulalia za watoto zifaulu kipimo cha moto. Watengenezaji walitumia kwa wingi kitambaa cha poliesta kilichotiwa fosfeti yenye bromini, maarufu kwa jina fupi la Tris. Januari 1977 Arlene Blum na Bruce Ames walichapisha katika jarida la Science makala yaliyoonyesha kwamba Tris hubadilisha chembe za urithi za bakteria, na kuonya kwamba huenda inasababisha saratani. Aprili mwaka huo nguo hizo zikapigwa marufuku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali ilikuwa taarifa ya maabara. Wazazi walikuwa wamenunua neno lililohusu moto. Hakuna neno lililowaambia kuhusu mwili.

6.0 Kutoka maziwa ya mama hadi Mkataba wa Stockholm

Baada ya bifenili zenye bromini kuachwa, nafasi yake ilichukuliwa na etha za difenili zenye bromini, yaani PBDE. DekaBDE, yenye atomi 10 za bromini, ndiyo iliyoingia katika poliesta za kihandisi na kwa wingi zaidi katika migongo ya televisheni iliyotengenezwa kwa polistireni. Ilidhaniwa kwamba molekuli kubwa kiasi hicho haiwezi kusafiri mbali. Watafiti wa Sweden waliochunguza sampuli za maziwa ya akina mama zilizohifadhiwa Stockholm kati ya 1972 na 1997 waligundua kwamba kiwango cha PBDE kiliongezeka maradufu takriban kila baada ya miaka mitano, katika kipindi ambacho sumu nyingine za zamani zilikuwa zikipungua.

Matokeo hayo yaliharakisha sheria. Kuanzia Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza PBDE na bifenili zenye bromini zizidi asilimia 0.1 katika vifaa vya umeme. DekaBDE ilipewa msamaha, kisha Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaubatilisha msamaha huo mwaka 2008. Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu za kikaboni zinazodumu, uliopitishwa mwaka 2001, uliongeza aina za PBDE zenye bromini kati ya nne na saba katika orodha yake mwaka 2009, na dekaBDE mwaka 2017. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ni wanachama wa mkataba huo.

Kuna kipengele kimoja cha mwaka 2009 kinachoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Nchi ziliruhusiwa, hadi mwaka 2030, kurejeleza plastiki zenye PBDE hizo kwa masharti maalumu. Plastiki nyeusi ya kompyuta na televisheni kuukuu husagwa, hugeuzwa punje na kupewa umbo jipya. Uchunguzi wa mtandao wa kimataifa wa IPEN uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vichezeo vya watoto vya plastiki nyeusi kutoka nchi 26 na kukuta dekaBDE na nduguze katika sehemu kubwa ya sampuli. Kichezeo hakihitaji ulinzi wa V-0. Kiongezeo kilikuwa kimesafiri kutoka kwenye kifaa kilichokihitaji hadi kwenye mkono usiokihitaji, na njiani hakikuwa na jina. Plastiki hizo zikichomwa kwa moto mdogo wa wazi ili kupata shaba, madhara huzidi, kwa sababu bromini hushiriki kuunda dioksini na furani.

Maandishi yenye nguvu ya kisheria ya Mkataba wa Stockholm yako katika Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kirusi. Msomaji wa Kiswahili huyapata kupitia kwa mfasiri. Neno atakalochagua mfasiri ndilo litakalomfikia mkaguzi wa bandari na mwenye kiwanda kidogo cha kusaga plastiki.

7.0 Fosforasi na alama za ndani

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 poliesta zimepata njia nyingine: fosfinati, hasa dietilifosfinati ya alumini, mara nyingi ikishirikiana na misombo ya melamini. Hustahimili joto la mashine, hufanya kazi ndani ya mwali, na husaidia kujenga tabaka la makaa juu ya plastiki linalokinga kilicho chini. Huhitajika kwa kiasi kikubwa zaidi, hadi karibu moja ya tano ya uzito, na huweza kupunguza unyumbukaji wa plastiki. Wengine wamebaki na bromini lakini wameifunga katika minyororo mirefu ya polima ambayo haitarajiwi kupenya mwilini. Antimoni nayo imeingia katika mjadala: mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka antimoni ya valensi tatu katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo vipande viwili vya PBT vinaweza kuwa na daraja lilelile la V-0, rangi ileile na uzito unaokaribiana, kimoja kina bromini na antimoni, kingine kina fosforasi. Macho hayawezi kuvitofautisha. Kinachoweza kuvitofautisha ni maandishi. Viwango vya kimataifa ISO 11469 na ISO 1043 vimeweka utaratibu wa kuchapa msimbo ndani ya kipande. Kipande chenye alama >PBT-GF30 FR(17)< ni PBT yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo na kiongezeo cha bromini yenye pete za benzini pamoja na antimoni. Kikiwa na FR(40), kiongezeo ni cha fosforasi ya kikaboni isiyo na halojeni. Fundi wa Kampala, Bujumbura au Goma anayefungua kifaa kilichoharibika tayari anayo mbele yake taarifa ambayo mfanyakazi wa Michigan hakuwa nayo, mradi alama ipo na mtu amemfundisha kuisoma. Ubora wa alama hiyo ni kwamba inajibu maswali mawili kwa pamoja: kiongezeo kinafanya nini, na kimetokana na nini.

8.0 Kiswahili kikitoa jina

Historia hii inaweka vigezo viwili vya istilahi. Istilahi isiahidi zaidi ya kazi ya kitu, na isitenganishwe na dutu. Maneno yanayowania nafasi yapimwe kwa vigezo hivyo.

Kitenzi zima kimekwisha kuwa na kazi. Zimamoto ni kikosi na gari lake, na mtungi wa kuzimia moto unajulikana shuleni na ofisini. Kukitumia kwa kiongezeo kutazaa mkanganyiko wa aina ya FireMaster na NutriMaster: vitu viwili mbalimbali vyenye shina moja. Kitenzi kinza kina usahihi kiasi, lakini kinapendekeza ukinzani wa kudumu, na kipimo cha UL 94 hakionyeshi hivyo.

Kizuiamoto, au kizuia moto, ndicho kinachojitokeza mara nyingi katika tafsiri. Kina faida za ufupi na mazoea. Tatizo liko katika maana ya zuia. Kitenzi hicho kina maana ya kushikilia kitu kisiende, lakini katika lugha ya umma, hasa ya afya na usalama, kimeelemea upande wa kufanya jambo lisitokee kabisa, kama katika kuzuia malaria au kuzuia ajali. Soketi yenye kizuiamoto itaeleweka kuwa soketi isiyoweza kuwaka. Hilo ni tangazo la ukumbi wa Iroquois kwa Kiswahili.

Kikawizamoto kinatokana na kawia na kinyambulishi chake cha kusababisha, kawiza. Kimeundwa kwa kanuni ileile iliyotupa kipimajoto na kipazasauti, na wingi wake, vikawizamoto, hauna utata. Kinachosemwa na neno hili ndicho kinachopimwa na maabara: moto unaweza kuja, lakini unakawizwa, na muda huo ndio nafasi ya kukata umeme na kutoka ndani. Chelewesha ingefaa pia kwa maana, ila kichelewesha moto ni kirefu zaidi na hakishikani vizuri kuwa neno moja.

Yaweza kupingwa kwamba kawiza si neno la kila siku katika maeneo yote, hasa kwa wasemaji wa Kiswahili cha Kongo na Burundi, na kwamba kizuiamoto kimekwisha kuota mizizi. Hoja hiyo ina uzito katika mazungumzo, na hakuna sababu ya kuwasahihisha wasemaji. Katika kanuni, lebo na mitaala ya ufundi hali ni tofauti. Huko neno hufafanuliwa mara ya kwanza linapotumika, na ugeni mdogo unaomlazimu msomaji kuuliza maana una hatari ndogo kuliko mazoea yanayompa uhakika wa uongo.

Kigezo cha pili hakitimizwi na neno lolote likiwa peke yake, hata kikawizamoto. Kwa hiyo istilahi iandikwe daima pamoja na familia yake: kikawizamoto cha bromini, kikawizamoto cha bromini na antimoni, kikawizamoto cha fosforasi, kikawizamoto cha madini. Hapo anayesaga plastiki atajua kipi akitenge, na mkaguzi atajua kipi akipeleke maabara.

9.0 Hitimisho

Viongezeo vinavyokabili moto vimeokoa maisha, na poliesta bila hivyo isingefaa kushikilia shaba yenye umeme. Historia yake haidai viachwe. Inaonyesha kwamba kila mara jina lilipozungumzia moto tu, jambo jingine lilipita bila kuonekana: pazia la Chicago, mfuko wa Michigan, nguo ya mtoto, kichezeo cheusi. Lugha zilizotangulia zilirekebisha maneno yake baada ya hasara.

Kwa watunga sera wa eneo hili, hatua tatu zinafuata. Baraza na vyama vya Kiswahili vya nchi wanachama, kwa uratibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vikubaliane juu ya istilahi moja na familia zake kabla kila nchi haijatafsiri kanuni zake kivyake. Kanuni za kuingiza vifaa vya umeme, vipya na vilivyotumika, zidai msimbo wa plastiki uonekane, na maelezo ya misimbo yachapishwe kwa Kiswahili. Vyuo vya ufundi vifundishe kusoma alama hizo kama vinavyofundisha kusoma rangi za nyaya, kwa kuwa anayefungua kifaa kibovu ndiye wa mwisho kukiona kikiwa kizima, na baada yake plastiki hupoteza hata jina lililochapwa juu yake.